Motokaa Moja, Nyumba Kumi

Katika miji yetu kuna ada moja ambayo watu wengi huiita maendeleo, nami naiita hasara. Ni ada ya kila mwenye mshahara kutaka motokaa yake peke yake, hata kama haja yake ya kuiendesha ni ndogo kuliko haja yake ya kuonekana nayo. Ada hii imeota mizizi katika nyoyo za watu wazima, na sasa inapandwa katika nyoyo za vijana walio shuleni. Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne atafanya nini atakapopata kazi, na aghalabu motokaa haikosekani katika jibu lake. Simlaumu, kwa kuwa amefundishwa hivyo na macho yake. Lakini kazi ya elimu ni kuyahoji yale ambayo macho yameyazoea. Basi nataka tuhoji jambo moja tu: je, ni lazima motokaa iwe na mwenyewe mmoja ndipo iwe na faida?

Nasema si lazima. Nasema zaidi ya hayo, kwamba katika mji wenye watu wengi motokaa ya mtu mmoja ni deni ambalo hulikopa yeye, wakalilipa jirani zake wote.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Mtazame mwalimu aishiye kando ya mji, mwenye motokaa yake. Asubuhi hutumia nusu saa kufika shuleni, na jioni nusu saa kurudi kwake. Jumla ni saa moja. Siku ina saa 24. Basi kwa saa 23 motokaa ile imesimama, mchana uani mwa shule ikipigwa na jua, usiku mlangoni pa nyumba ikilindwa na askari wa kulipwa. Walakini deni halisimami. Mwalimu amekopa katika chama cha akiba na mikopo, na kila mwisho wa mwezi mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia mkononi. Juu ya deni kuna bima, mafuta, magurudumu na ujira wa fundi. Nawajua walimu wa namna hii. Ni wenzangu na rafiki zangu. Ni watu ambao wangeweza kununua shamba dogo, au kumsomesha ndugu mdogo, au kujaza rafu moja ya vitabu. Badala yake wananunua chuma kinachozeeka kikiwa kimesimama. Hapana tajiri mwenye akili ambaye angemwajiri kibarua wa kufanya kazi saa moja kwa siku, akamlipa ujira wa saa 24. Jambo ambalo tajiri hathubutu kulifanya, sisi wenye mishahara ya kuhesabu twalifanya kwa furaha.

Wala hili si la walimu peke yao, wala si la Kenya peke yake. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa mipango ya miji katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 ya kuwa motokaa kwa wastani husimama sehemu 95 katika kila sehemu 100 za maisha yake. Yaani kile tunachokiita chombo cha kwendea, kwa hakika ni chombo cha kusimama ambacho mara moja moja huenda.

Lau kama hasara hiyo ingekuwa ya mwenye motokaa peke yake, ningenyamaza, maana mtu ana haki ya kuipoteza mali yake. Lakini chombo kinachosimama husimama mahali, na mahali hapo mjini ni pa wote. Nafasi ya kuegesha motokaa moja aghalabu huwa na upana wa mita mbili na nusu na urefu wa mita tano, yaani mita za mraba 12 na nusu. Sasa kipime chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho katika Mathare na Kibera hulala baba, mama na watoto wao. Chumba hicho ni mita za mraba tisa na ushei. Motokaa iliyolala imepewa nafasi kubwa kuliko jamaa nzima iliyo hai. Tena motokaa hiyo yahitaji mahali pawili, pa nyumbani na pa kazini, na kila panapokuwa imejaa pamoja, pengine hukaa pametupwa tupu. Ninapoona njia ya miguu imezibwa na motokaa zilizopandishwa juu yake, na watoto wenye mikoba ya vitabu wakishuka barabarani kupita katikati ya matatu na malori, siwezi kuambiwa kuwa jambo hili ni la mtu binafsi. Mtoto yule ndiye alipaye deni nililolitaja, na pengine hulilipa kwa viungo vyake.

Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta ndani yake watu 4,397,073. Wengi wao huenda kwa miguu au kwa matatu. Wenye motokaa ni wachache. Lakini wachache hao ndio walioijaza barabara. Dawa tuliyoizoea ni kujenga barabara pana zaidi. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, na mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia ipitayo juu ya vichwa vya watu kutoka Mlolongo hadi Westlands. Sikatai kwamba kazi hizo zina manufaa. Nakataa kwamba zinaweza kuumaliza ugonjwa. Maji hufuata mkondo, na motokaa hufuata barabara. Njia ikipanuliwa, aliyekuwa akipanda basi hununua motokaa, na aliyekuwa na moja huongeza ya pili. Baada ya miaka michache foleni hurudi pale pale, pengine imenenepa.

Iko njia nyingine, nayo ni motokaa ya shirika. Nalitumia neno shirika kwa maana yake ya kale, kushirikiana katika kitu, si kwa maana ya kampuni wala ofisi. Mpango wake ni huu. Watu wa mtaa mmoja, au wa chama kimoja, huwa na motokaa chache kwa pamoja, zikawekwa mahali panapojulikana, karibu na makazi yao. Mwenye haja huandikisha saa anazozitaka, siku hizi kwa simu ya mkononi. Saa yake ikifika, huifungua motokaa, huendesha mwenyewe, huirudisha mahali pake, na hulipa kwa saa alizokaa nayo na kilomita alizokwenda. Hiyo si matatu, kwa kuwa haina dereva wala utingo. Si teksi ya kuitwa kwa simu kama zile zilizoenea Nairobi tangu mwaka 2015, ambazo huzunguka tupu zikitafuta abiria. Wala si motokaa ya kukodi kwa siku nzima kwa mgeni apitaye. Ni mali ya watu wanaofahamiana, yenye daftari, yenye zamu na yenye kanuni.

Wako watakaosema kwamba huu ni mchezo wa matajiri wa Ulaya waliochoka na motokaa zao. Historia yawakanusha. Mpango wa kwanza ujulikanao wa namna hii ulianza mjini Zürich, nchi ya Uswisi, mwaka 1948, kwa jina la Sefage. Walioanzisha walikuwa watu wa ushirika wa nyumba, nao hawakushirikiana kwa sababu ya kushiba motokaa. Walishirikiana kwa sababu hapakuwa na mmoja wao aliyeweza kununua yake peke yake. Ni wazo lililozaliwa na upungufu, na upungufu ni jambo tulijualo sisi vizuri.

Wazo hilo halikukua bila kuanguka. Mjini Montpellier, Ufaransa, lilijaribiwa mwaka 1971 likafa upesi. Mjini Amsterdam, Luud Schimmelpennink na wenzake walileta mwaka 1974 motokaa ndogo za umeme zilizoitwa Witkar. Lakini vituo vilibaki vichache mno, na mwaka 1986 mpango ukafungwa. Mwaka uliofuata, 1987, Waswisi wakaanza upya. Chama kimoja kilianza katika mji mdogo wa Stans, na kingine Zürich. Mwaka 1997 vyama hivyo viliungana vikawa ushirika mmoja uitwao Mobility. Kutoka motokaa za kuhesabika kwa vidole, ushirika huo umefikia motokaa zipatazo 3,000 katika nchi nzima, nyingi zikingoja karibu na stesheni za gari la moshi. Hapo ndipo ilipo hekima yake: safari ndefu hufanywa kwa gari la moshi, na kile kipande kifupi cha mwisho, ambacho reli haikifikii, hufanywa kwa motokaa ya shirika.

Mji wa Bremen, Ujerumani, ulianza mwaka 1990. Tangu mwaka 2003 baraza la mji huo limekuwa likitenga vituo vya motokaa za shirika kando ya barabara zenyewe, na mwaka 2009 likapitisha azimio la kufikisha watumiaji 20,000 ifikapo mwaka 2020. Mwaka 2017 serikali ya Ujerumani ikatunga sheria ya kuziruhusu halmashauri kuzitengea motokaa hizo mahali pake. Zingatia, msomaji, kwamba hapo serikali haikununua motokaa hata moja. Ilitoa nafasi na kanuni, na watu wakafanya yaliyobaki.

Na faida yake imepimwa. Elliot Martin na Susan Shaheen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwachunguza wanachama wa mipango hiyo Marekani na Kanada, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Kabla ya kujiunga, kila nyumba 100 zilikuwa na motokaa 47. Baada ya kujiunga zilibaki na 24. Walipohesabu motokaa zilizouzwa pamoja na zile ambazo watu waliacha kuzinunua, waliona kwamba kila motokaa moja ya shirika iliondoa barabarani kati ya motokaa 9 na 13. Kwa hiyo nisemapo motokaa moja kwa nyumba kumi, sisemi kwa kupenda mvumo wa maneno.

Sasa tuzisikilize hoja za wapinzani, maana Mgala muue na haki yake mpe.

Hoja ya kwanza husema: manahodha wengi chombo huenda mrama. Kitu cha wengi, wanasema, hakitunzwi na yeyote. Mmoja atairudisha motokaa chafu, mwingine atairudisha haina mafuta, wa tatu ataigonga akae kimya. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mjini Paris mpango mkubwa ulioitwa Autolib ulianza mwezi wa Desemba mwaka 2011, ukawa na motokaa za umeme karibu 4,000. Ukafungwa mwaka 2018 kwa madeni na ugomvi wa nani alipe hasara, na kabla ya hapo watu walikuwa wakinung'unikia uchafu wa motokaa zenyewe. Lakini methali ile yahusu chombo kinachoendeshwa na manahodha wengi kwa wakati mmoja. Motokaa ya shirika ina nahodha mmoja kwa kila saa, na jina lake limeandikwa. Dawa ya hoja hii i katika methali nyingine: mali bila daftari hupotea bila habari. Penye daftari, aliyeichafua anajulikana, aliyeigonga anajulikana, na kila mmoja hulipa lake. Waswisi wamedumu kwa daftari. Paris iliangushwa na hesabu isiyolingana. Tujifunze kwa wote wawili.

Hoja ya pili ni ya kiburi. Husema: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtu mzima ataonekanaje mbele ya wakwe akiwa amefika kwa motokaa isiyo yake? Namjibu mwenye hoja hii kwamba motokaa ya shirika si ya kuazima. Mwanachama ana fungu lake ndani yake kama vile mkulima alivyo na fungu lake katika kiwanda cha ushirika kinachokoboa kahawa yake. Hakuna mkulima aliyeona haya kwa sababu kiwanda si chake peke yake. Tena, kama heshima ya mtu imo katika magurudumu manne, basi huiacha nje kila aingiapo nyumbani, na siku magurudumu yatakapoharibika heshima nayo itapelekwa kwa fundi.

Hoja ya tatu husema kuwa Mwafrika hakuumbwa kwa mambo haya. Ajabu ya maneno haya ni kwamba hutamkwa katika nchi ya matatu. Matatu ilizaliwa na watu wa kawaida kwa kushirikiana katika safari, na jina lake latokana na nauli ya senti thelathini, yaani peni tatu za senti kumi kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, na tangu hapo ndizo zilizoubeba mji. Mwaka 2010 serikali iliagiza wenye matatu wajiunge katika vyama vya ushirika au kampuni. Vyama vya akiba na mikopo vimeenea katika kila kazi, kwa walimu, askari, wakulima na wauguzi. Watu wanaoweza kuweka akiba pamoja, kukopeshana na kudhaminiana, hawawezi kushindwa kutunza motokaa nne za pamoja. Chama kilekile kinachowakopesha wanachama mia fedha za kununulia motokaa mia, kingeweza kununua kumi zikawatosha wote, na deni likagawanyika hata lisimwumize mtu.

Hoja ya nne husema tungoje motokaa za umeme, nazo zitatuokoa. Motokaa ya umeme haitoi moshi, na Kenya ina bahati kwamba sehemu kubwa ya umeme wake hutoka katika mvuke wa ardhini kule Olkaria, katika maji na katika upepo. Nayapenda hayo. Lakini motokaa ya umeme yenye mwenyewe mmoja husimama saa 23 vilevile, huziba njia ya miguu vilevile, na deni lake ni kubwa vilevile. Itabadili moshi, haitabadili foleni.

Yanipasa niweke mpaka wa maneno yangu, ili nisije nikawauzia watu dawa ya kila ugonjwa. Motokaa ya shirika haiwezi kuchukua mahali pa basi, wala pa matatu, wala pa miguu. Ikiwekwa mahali pasipo njia salama ya kutembea wala usafiri wa umma unaotegemeka, itawatoa watu katika kutembea na kuwatia katika kuendesha, na hapo itakuwa imeongeza ugonjwa. Kazi yake ni ile ambayo basi haliiwezi: kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, kuchukua mizigo ya sherehe, kumtembelea mzazi aishiye mbali na barabara. Safari hizo ni chache kwa mwezi. Ni kwa ajili ya safari hizo chache tunanunua motokaa. Kisha, kwa kuwa tumekwisha kuilipia, twaitumia hata kwenda dukani kununua mkate. Shirika huukata mnyororo huo. Alipaye kwa saa huuliza kila mara, je, safari hii yafaa motokaa, au miguu yatosha? Mwenye motokaa yake mlangoni haulizi.

Basi kuna kazi kwa kila mmoja. Halmashauri za miji zitenge nafasi chache katika kila mtaa ziwe za motokaa za shirika, na kwa kila nafasi zinayotenga ziirudishe njia moja ya miguu kwa waendao kwa miguu. Sheria yetu, Sura ya 405, yataka kila motokaa iwe na bima ya kuwalinda watu wengine barabarani. Wenye makampuni ya bima watunge bima iwafaayo madereva wengi wa chombo kimoja, bila kuwaadhibu kwa kushirikiana. Vyama vya akiba na mikopo, hasa vya walimu, vianze kwa mfano mdogo: mtaa mmoja, motokaa mbili, wanachama ishirini na daftari moja safi. Waswisi wa 1987 nao walianza na machache.

Nanyi vijana mnaosoma maneno haya, karibu mtaingia katika ulimwengu wa mishahara, na wauzaji watawangoja mlangoni. Watawaambia kuwa motokaa ndiyo alama ya mtu aliyefika. Waulizeni amefika wapi mtu aliyekaa saa mbili katika foleni ya Barabara ya Mombasa, peke yake katika viti vitano, akiungua mafuta ya mkopo ilhali matatu yenye watu thelathini imezuiwa nyuma yake. Babu zetu walilima kwa zamu shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, wala hapakuwa na aliyeitwa maskini kwa sababu hakulima peke yake. Kizazi kilichojua kushirikiana katika jembe hakikuona aibu. Kizazi kinachoshindwa kushirikiana katika motokaa, kikawaacha watoto wake watembee katikati ya malori, ndicho kinachostahili kuona aibu.